Mnalipia Kijiji cha Watu

Picha yenyewe haikuwa na makuu. Watoto wangu wawili wamesimama mbele ya kijumba cheupe chenye mlango mwekundu, wamelowa chapachapa, nyuma yao kondoo wamepakwa rangi ya bluu mgongoni ili mwenye nao awatambue. Niliituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp Jumapili jioni. Kabla dada yangu hajaweka makopa yake, baba mdogo alikuwa ameshajibu: "Hongereni. Lakini mnalipia kijiji cha watu wakati kijiji chenu kipo?" Wakafuata wa kucheka. Binamu wa Himo akaongeza kwamba kwa hela hiyo yeye angenunua ng'ombe wa maziwa.

Nilijibu kwa adabu, maana baba mdogo ni baba. Shikamoo baba, tumepumzika kidogo tu. Lakini neno lile limenikaa kooni, na nimeona nilijibu hapa kwa kirefu, kwa sababu najua si mimi peke yangu niliyewahi kuulizwa. Mtu wa ughaibuni akituma hela nyumbani haulizwi zimetoka wapi. Akienda kupumzika mahali ambapo hana msiba, hana harusi, hana mgonjwa, hapo ndipo hesabu zake zinakaguliwa.

Tulikuwa Achill, kisiwa cha magharibi ya Ayalandi, katika kaunti ya Mayo. Kimeungana na bara kwa daraja fupi kiasi kwamba usipoambiwa unaweza kupita hujui kwamba umeingia kisiwani. Kutoka Dublin tunakoishi unaivuka nchi yote kwa gari, mashariki hadi magharibi, na bado unafika kabla ya chakula cha mchana. Kijumba kina vyumba viwili, kuta za mawe nene, madirisha madogo na meko ya ukutani. Hupangishwa Jumamosi hadi Jumamosi. Ufunguo unaukuta kwenye kikasha cha namba kando ya mlango, na mwenye nyumba yuko Manchester. Bei ya Agosti inauma, sibishi. Hali ya hewa nayo siisifii: tuliwasha moto kila jioni ya kiangazi, na mvua ya huko inachukuliwa na upepo ikakupiga ubavuni.

Lakini moto huo ulitupumzisha. Wanachoma udongo mweusi wa kinamasi, unaokatwa vipande virefu kama tofali, ukapangwa juani na kwenye upepo mpaka ukauke. Hauna mwali mkubwa. Unaungua taratibu, unatoa harufu nzito inayoingia kwenye sweta na kukaa. Tangu mwaka 2022 serikali imebana uuzaji wake kwa sababu ya moshi na kwa sababu vinamasi hivyo vinahifadhi kaboni, na wazee wa vijijini wamelalamika sana. Nawaelewa pande zote mbili. Mama yangu angali anapikia kuni, na najua mtu hawezi kuambiwa aache moto wake na ofisa ambaye nyumba yake ina mabomba ya joto.

Asubuhi moja mzee jirani alikuja na mbwa wake, amebeba mfuko wa viazi vyenye udongo bado, na mayai. Mjini naulizwa ninakotoka, nikitaja mtaa wangu wa Dublin naulizwa tena, hasa hasa natoka wapi. Mzee huyu hakuuliza hivyo. Aliuliza wazazi wangu wanalima nini. Nikasema kahawa na ndizi. Akauliza tumezaliwa wangapi, nikamwambia wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili. Kisha akauliza swali ambalo hajawahi kuniuliza mzungu yeyote tangu nianze kuishi hapa: nani alibaki na shamba?

Nikamjibu, mdogo wetu wa mwisho. Akaitikia kwa kichwa. Kwao walikuwa saba. Yeye ndiye aliyebaki na shamba, na dada zake wakaenda Boston, mmoja akimvuta mwingine. Tulizungumza hapo mlangoni mpaka mbwa akachoka akalala. Nimefanya kazi ya uuguzi katika nchi hii miaka mingi, nimewaogesha wazee wao na kuwafumba macho, na sikuwahi kujisikia nimeelewa jambo lao kama siku ile.

Mvua ilipokatika tulikodi baiskeli Mulranny. Njia ya baiskeli ya Westport hadi Achill ina urefu wa kilomita 42, na imelazwa juu ya tuta la reli ya zamani iliyofungwa mwaka 1937. Bahari upande mmoja, milima upande wa pili, kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji zikikata mashamba vipande vipande mpaka juu kabisa. Watoto walitangulia wakipiga kelele. Mimi nilikuwa nimeshasoma habari za reli ile usiku, na nilishindwa kuiendesha kama njia ya matembezi.

Watu wa Achill wanasimulia utabiri wa kale kwamba magari ya moto yatakuja kisiwani, na la kwanza na la mwisho yatabeba maiti. Utabiri uamini au usiuamini, yaliyotokea yameandikwa. Juni 1894 vijana wa Achill walikuwa kwenye mashua katika ghuba ya Clew, wakienda kupanda meli ya Uskoti kwa kibarua cha mavuno. Mashua ikapinduka, wakafa watu 32. Reli ilikuwa haijafunguliwa rasmi. Treni maalumu ikaletwa kuwarudisha kwao. Septemba 1937 vijana kumi wa kisiwa hicho hicho, mdogo wao akiwa na miaka 13, waliungua ndani ya banda walilolazwa huko Kirkintilloch, Uskoti, walikokwenda kuchimba viazi. Majeneza yao yalirudi kwa reli ile ile, ikiwa imebakiza wiki chache ifungwe.

Nani katika sisi hajui habari hii? Simu inaingia usiku, kundi jipya linafunguliwa, mweka hazina anatajwa, euro ishirini ishirini zinaanza kumiminika kutoka Cork, Leicester, Oslo, mpaka mwili upande ndege kwenda KIA. Tunachangia watu tusiowajua kwa sura. Nilipoiona ile njia ya baiskeli na watalii wake nilitaka kumwambia kila anayepita kwamba hapa walipita watoto waliokufa wakitafuta hela ya kodi ya shamba la baba yao. Nikawaambia wangu, maana hao ndio wa kwangu.

Chini ya mlima Slievemore, kaskazini ya kisiwa, kuna kijiji kizima kisicho na mtu. Nyumba kati ya 80 na 100 za mawe zimepangana kando ya kijia, hazina paa, majani yameota ndani ya vyumba. Ukitazama jua likiwa chini unaona mashamba ya mbele yake yana mistari: ni matuta ya viazi, yangalipo. Ugonjwa wa viazi ulipoingia mwaka 1845 na kurudi tena na tena, watu wapatao milioni moja walikufa katika Ayalandi nzima, na zaidi ya milioni moja wakapanda meli. Kijiji hiki hakikufa kwa siku moja. Baadhi walifukuzwa kwa kushindwa kodi, baadhi walihamia pwani kwenye samaki, na kwa miaka mingi baada ya hapo watu waliendelea kupanda huko na ng'ombe wakati wa kiangazi tu. Sehemu ile ya kiangazi tu ndiyo iliyonishika.

Kwa sababu, baba mdogo, hebu tuzungumze sasa juu ya kijiji chetu.

Kihamba chetu, shamba la ukoo, kiko Marangu, Kilimanjaro. Sihitaji kukueleza unavyokijua: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi kwenye unyevu, mfongo wa maji unaopita kwa zamu na ugomvi wake, masale kwenye mpaka na kwenye makaburi ya babu na bibi. Asubuhi Mawenzi iko wazi mpaka saa tatu, kisha inavuta blanketi lake. Hakuna mahali duniani ninapopapenda kama pale. Nikifunga macho kwenye zamu ya usiku hospitalini nayasikia majani ya mgomba yakipigana.

Na nani anaishi pale leo? Mama, na binti anayemsaidia. Kaka mkubwa yuko Mwanza. Mdogo wetu aliyepewa kihamba yuko Dar es Salaam, na ndani ya kihamba amejenga ghorofa yenye geti la chuma na mageti mengine madogo ndani ya geti, ambayo hufunguliwa tarehe 22 Desemba na kufungwa kabla ya shule kufunguliwa. Jirani upande wa juu vivyo hivyo. Upande wa chini vivyo hivyo, pamoja na mlinzi. Krismasi barabara yote inanukia mbuzi na mbege, watu wanaulizana hali kwa kelele, magari yanashindwa kupishana. Februari mama akiugua, wa kumpeleka zahanati ni bodaboda. Mahali pa kuja msimu mmoja na kuondoka, na mawe yanaendelea kuwa mazuri. Slievemore nayo iliendelea hivyo kwa muda.

Nami nikienda Desemba, naendaje? Naenda na mabegi ya zawadi. Nalala kwenye chumba cha mama na dada yangu na watoto wetu, kwa sababu ghorofa ina wageni wa mwenye nyumba. Naamka kumenya ndizi za machalari. Mchana nina kikao cha harusi, jioni nina wagonjwa wa kuwaona na bahasha ya kila mmoja. Navifanya kwa moyo, na nisingependa mwanangu akue asijue kuvifanya. Lakini hiyo ni kazi. Mtu mwenye kazi hiyo ana haki ya kukaa wiki moja mbele ya moto wa watu asiwajibike kwa lolote, na akirudi asiitwe mpotevu.

Lakini ningekuwa mwongo nikisema uchungu wangu ni kuhusu mapumziko. Baba yetu alifariki bila wosia. Ukoo ukakaa, kama ilivyo desturi: kihamba kwa wa mwisho, shamba la mahindi la kule porini kwa wa kwanza. Mimi na dada yangu tulikuwa jikoni. Tulipoitwa tuliambiwa kwa upole kabisa, na baba mdogo ndiye aliyesema: ninyi mna kwenu, kwa waume zenu. Mume wangu ni mtu wa Tabora. Kwao pia ardhi ni ya kaka zake, nami pale ni mke wa mtu. Bati za nyumba ya mama nimenunua mimi. Tangi la maji nimenunua mimi. Geti lile la chuma, dada yangu alitoa nusu. Kwa hiyo nikiambiwa kijiji chenu kipo, nauliza kwa heshima zote: chetu, sisi akina nani?

Hili ndilo nililoliona kwa mzee wa Achill na dada zake. Baada ya njaa, wakulima wa Ayalandi waliacha kugawa mashamba, wakampa mtoto mmoja, kwa kawaida wa kiume. Waliobaki wakapewa meli. Ndiyo maana wanawake wa Ayalandi walihama kwa wingi unaokaribiana na wa wanaume, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wahamiaji wa Ulaya wa wakati ule. Walikwenda kupika na kufua katika nyumba za matajiri wa Boston na New York, na hela zao zikarudi: zikalipa kodi ya shamba, zikaezeka paa, zikamkatia tiketi mdogo mtu. Shamba likabaki na jina la kaka.

Daraja tulilolivuka kuingia kisiwani lina jina la Michael Davitt, mtoto wa Mayo ambaye familia yake ilifukuzwa kwenye nyumba yake akiwa mdogo sana. Mwaka 1879, Castlebar, palipoasisiwa umoja wa wakulima wa kudai ardhi, yeye alikuwa mmoja wa vinara. Kila mtoto wa shule anajua hilo hapa. Wachache wanamtaja Anna Parnell. Januari 1881 aliunda umoja wa wanawake, na viongozi wanaume walipotiwa gerezani mwaka ule, wanawake hao ndio walioshika harakati, wakawajengea vibanda waliofukuzwa na kuwalisha wafungwa. Wanaume walipotoka mwaka 1882, Charles, kaka yake Anna, akawakatia fedha, na umoja wao ukafa. Anna hakumsamehe. Sheria ya 1903 ilipowawezesha wapangaji kwa wingi kununua mashamba waliyolima, wanawake kama yeye hawakuwa mezani.

Binti yangu ana miaka kumi na mbili na anasikiliza kuliko ninavyotaka. Tulikwenda kwenye mnara wa Kildavnet, ngome ya ukoo wa O'Malley ukingoni mwa maji, na akasoma habari za Grace O'Malley, mwanamke aliyeongoza merikebu za ukoo huo katika karne ya 16 na mwaka 1593 akasafiri kwenda kuonana na Malkia Elizabeth ana kwa ana kudai haki zake na za mwanawe. Njiani kurudi akaniuliza: kwetu Marangu, chumba changu kitakuwa wapi? Kaka yake hakuuliza. Ana miaka tisa, na tayari mtu mmoja Krismasi iliyopita alishamwonyesha mti atakaojenga karibu nao.

Nisije nikadhaniwa natumia wazungu kuwasema wenzangu. Hawana la kutufundisha juu ya nyumba. Sensa yao ya 2022 ilikuta nyumba tupu zaidi ya 160,000, bila kuhesabu za likizo, wakati wauguzi wenzangu wanalala wanne katika chumba kimoja Dublin na kodi inakula nusu ya mshahara. Na mpaka sheria yao ya urithi ya 1965, mume aliweza kuandika wosia akamwacha mke wake bila chochote. Walibadilisha. Sheria ile ilimpa mjane theluthi ya mali palipo na watoto, upende usipende, na wakulima walipiga kelele kwamba mashamba yatakwisha. Hayajaisha.

Na sisi tulibadilisha, kwa karatasi. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia, alikuwa na haki ya kuiuza kama mwanamume, ingawa mpwa wake alimshtaki kwa mila. Sheria mbili za ardhi za 1999, ile ya ardhi na ile ya ardhi ya vijiji, zinasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Lakini tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 halijafutwa, lile linalomruhusu binti kutumia ardhi ya ukoo asiweze kuiuza, na kwenye kikao cha ukoo hakuna anayefungua kitabu cha 1999. Wanafungua mbege. Binti anayenyanyua mdomo anaambiwa ameharibiwa na Ulaya, wakati bibi zetu waliolima kahawa ile hawakuwahi kuiona Ulaya wala hundi ya ushirika wa kahawa, KNCU.

Sitaki ghorofa ya mdogo wangu. Namtakia heri nayo. Wala siwezi kwenda mahakamani dhidi ya watu ninaowapenda, mama yangu akiwa hai katikati yao. Desemba hii nitakaa ndani ya kikao, si jikoni, na dada yangu atakaa pembeni yangu. Tutaomba ukanda wa upande wa mfongo, pale kahawa za zamani zilipong'olewa na hapajapandwa kitu. Unatosha nyumba ya vyumba viwili, jiko ndani, na kibaraza cha kutazama Mawenzi kabla haijafunikwa. Dada yangu anaweza kuja kutoka Dodoma na wanawe likizo ya Juni, mama asiwe peke yake baridi ile. Mimi nitakuja wakati ambao si wa Krismasi, na binti yangu atajua chumba chake.

Mama ameshatuonyesha mpaka, kutoka mparachichi hadi masale ya makaburini, na anasema hana neno. Dada amepima kwa hatua. Tukikubaliwa, tutakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuulizia hati ya kimila yenye majina yetu mawili. Tukikataliwa, tutaomba sababu ziandikwe kwenye muhtasari, pamoja na majina ya waliokataa, na tupewe nakala.